Fungu la kilimo limepanda, tuulize kitakachobaki Ufipa

Mwaka wa fedha 2021/22 Wizara ya Kilimo ilitengewa Sh294.2 bilioni. Mwaka uliofuata ikatengewa Sh751.1 bilioni, kisha Sh970.8 bilioni mwaka 2023/24, na ilipofika 2024/25 ikavuka Sh1.2 trilioni. Ni nadra kwa wizara yoyote kuongezewa fedha zaidi ya mara nne ndani ya miaka mitatu bila vita wala njaa kubwa kuilazimisha Serikali. Kwa mkoa kama Rukwa, ambako mahindi, maharage, ulezi, mpunga na alizeti ndiyo uchumi wenyewe, ongezeko hilo ni habari njema, na makala haya hayakusudii kulibeza. Yanakusudia kulipima. Ufipa, uwanda wa juu wa mkoa huo, imekwisha kupokea fedha nyingi za kilimo kutoka serikalini zaidi ya mara moja, na kila zilipoondoka ziliondoka na karibu kila kitu zilichokuja nacho. Kwa sababu hiyo, swali la kuuliza Juni hadi Juni halimo katika ukubwa wa fungu. Limo katika kile kitakachosalia shambani, barabarani na ghalani siku ruzuku itakapokoma.

Tuanze na asilimia, maana shilingi peke yake hudanganya. Bajeti yote ya Serikali ilikuwa Sh36.3 trilioni mwaka 2021/22, ikawa Sh41.5 trilioni, kisha Sh44.4 trilioni, kisha Sh49.3 trilioni, na mwaka 2025/26 ikafika Sh56.5 trilioni. Ukigawanya utaona kwamba sehemu ya Wizara ya Kilimo ilikuwa asilimia 0.8 mwaka 2021/22, ikapanda hadi 1.8, kisha 2.2, kisha 2.5. Hapo ndipo ilipogota. Mwaka 2025/26 wizara iliidhinishiwa takriban Sh1.24 trilioni, kiasi kile kile cha mwaka uliotangulia, huku bajeti nzima ikiwa imeongezeka kwa zaidi ya Sh7 trilioni. Sehemu yake ikarudi asilimia 2.2. Kwa hiyo wanaosema kilimo kimepewa kipaumbele kisicho na mfano wana haki, na wanaosema kasi hiyo imekwisha kupungua nao wana haki. Viongozi wa Afrika waliokutana Maputo mwaka 2003 waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, wakarudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014 na Kampala Januari 2025. Umbali kati ya ahadi hiyo na asilimia 2.2 unaonekana bila darubini.

Serikali huwa na jibu hapa, na ni jibu la haki. Kilimo hakiishii kwenye fungu la wizara moja. Mifugo na uvuvi vina wizara yao, barabara za vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, umeme uko Wizara ya Nishati, maofisa ugani wengi wanalipwa kupitia halmashauri. Ukijumlisha yote hayo, asilimia inapanda. Hoja hii ninaikubali kabisa, ila anayeitoa akubali na matokeo yake. Ikiwa barabara ya kutoka shambani, nguzo ya umeme na mshahara wa bwana shamba ni sehemu ya kilimo, basi tukitaka kujua kama Serikali imehamishia nguvu zake kwa mkulima itatubidi tuvitazame navyo, si kusherehekea mstari mmoja wa hotuba ya bajeti. Na tukivitazama kutokea Mazwi, mjini Sumbawanga, picha inakuwa na mabaka mengi kuliko inavyoonekana kutokea Dodoma.

Historia ya Ufipa na fedha za Serikali ndiyo shahidi mkubwa wa kesi hii. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliamua kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mkulima wa Nkasi au Laela akalipwa sawa na mkulima wa Morogoro aliye jirani na soko la Dar es Salaam. Gharama ya kusafirisha gunia kutoka kwenye uwanda huu wa juu hadi pwani haikumgusa, ilibebwa na shirika, na nyuma ya shirika ilikuwapo hazina. Mbolea nayo ikaja kwa ruzuku. Matokeo yalikuwa makubwa. Rukwa, mkoa uliokuwa ukihesabiwa kuwa pembezoni kabisa, ikaingia kwenye kundi la mikoa minne mikubwa ya chakula pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na mahindi ya nyanda za juu kusini yakawa tegemeo la miji. Wakulima waliozoea ulezi na maharage wakapanua mashamba ya mahindi kwa plau za maksai. Kilimo cha ntumba, cha kufukia majani chini ya matuta makubwa ili yaoze na kurutubisha ardhi, kikaanza kusukumwa pembeni na mfuko wa mbolea ya kiwandani.

Kisha mahesabu yakagoma. NMC ilikuwa ikinunua ghali, ikisafirisha ghali zaidi na kuuza unga kwa bei ya kisiasa, na hasara ikawa deni. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mageuzi ya uchumi yakaanza kula mafungu yale yaliyokuwa rahisi kuyakata. Bei moja ya nchi nzima ikaondolewa, biashara ya nafaka ikafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutika msimu wa 1994/95. Kwa mchumi aliyekaa ofisini Dar es Salaam, ilikuwa hatua ya busara ya kupunguza nakisi. Kwa Ufipa ilikuwa mapigo mawili kwa pamoja, maana mbolea ilipanda bei msimu ule ule ambao gunia lilishuka bei, kwa sababu sasa umbali wote wa safari ulikatwa kutoka mfukoni mwa mkulima. Fedha za wafadhili hazikuwa na maisha marefu zaidi. Mpango wa maendeleo vijijini wa Rukwa, RUDEP, uliogharimiwa na Norway miaka ya 1980 na 1990, ulifungwa na shughuli zake nyingi zikadhoofika pamoja nao.

Anayetaka kujua kipi kilibaki kutoka miaka ile asitafute kwenye bei wala kwenye mifuko ya mbolea. Vilibaki vitu vya aina nyingine, kama ujuzi wa kulima kwa maksai, mbegu zilizozoea baridi ya Ufipa, barabara chache na maghala machache. Hilo ni somo la kibajeti, hata kama halikuandikwa na wizara yoyote. Fedha iliyolipia bei ililiwa msimu ule ule. Fedha iliyolipia elimu, mbegu na njia iliendelea kufanya kazi hata baada ya mlipaji kuondoka. Kuna watakaosema kwamba bila bei nzuri mkulima asingenunua maksai wala asingejali mbegu bora. Ni kweli, bei ilikuwa chambo. Lakini chambo kinahesabiwa kwa samaki aliyevuliwa, na ndiyo maana tunapaswa kujua ruzuku ya leo inavua samaki gani.

Mzunguko huo ulijirudia. Kuanzia 2008 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iligawa vocha za pembejeo zilizomlipia mkulima karibu nusu ya gharama ya mbolea na mbegu, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyolengwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza yenye nguzo 10. Mkopo ulipokwisha, vocha zikaisha. Kisha kikaja kipindi ambacho vipaumbele vilihamia reli, bwawa la umeme na ndege, na kilimo kikabaki na fungu la kwenye karatasi. Mwaka wa fedha 2016/17, kati ya takriban Sh100 bilioni za maendeleo zilizoidhinishwa kwa wizara hiyo, hadi Mei 2017 zilikuwa zimetolewa kama Sh3 bilioni tu, yaani takriban asilimia 3. Bunge lilipitisha, hazina haikutoa. Kwa hiyo anayelinganisha bajeti za miaka mbalimbali kwa fedha zilizotengwa peke yake analinganisha ahadi na ahadi.

Kwa nini kilimo kinakuwa cha kwanza kukatwa? Sababu iko katika mpangilio wa matumizi wenyewe, wala haihitaji kumtafuta mchawi. Kabla wizara yoyote haijagawiwa shilingi, kuna malipo yasiyosubiri, deni la Serikali na mishahara ya watumishi. Baada ya hapo wanapanga foleni wakandarasi wenye mikataba, ambao wakicheleweshewa malipo wanadai riba. Reli ya kisasa na Bwawa la Julius Nyerere, lililogharimu zaidi ya Sh6.5 trilioni, ni miradi ya namna hiyo. Ukishaianza huwezi kuisimamisha bila hasara, na hakuna aliye na akili anayetaka isimame. Ruzuku ya mbolea haina mkandarasi wa kudai riba. Kipimo cha udongo hakina wakili. Bwana shamba asiyepewa mafuta ya pikipiki atabaki kijijini bila kumshtaki mtu. Mapato yakiyumba au riba ya mikopo ikipanda, mkasi utakwenda mahali pasipo na mtu wa kulalamika mahakamani. Ndiyo maana nashikilia kwamba miaka hii ya neema itumike kununua vitu visivyoweza kunyang'anywa.

Ruzuku ya sasa ina mafanikio ambayo mtu mkweli lazima ayataje. Ilizinduliwa Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei ya mbolea duniani. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP uliokuwa umezidi Sh130,000 ukauzwa kwa takriban Sh70,000, na Serikali ikatenga Sh150 bilioni kufidia tofauti. Matumizi ya mbolea nchini yakapanda kutoka takriban tani 364,000 msimu wa 2021/22 hadi takriban tani 840,000 msimu wa 2023/24. Uzalishaji wa mahindi ukapanda kutoka tani milioni 6.4 hadi tani milioni 8 ndani ya msimu mmoja. Wakulima wakasajiliwa kwenye mfumo wa kidijiti, jambo ambalo vocha za karatasi hazikuweza kulifanya bila wizi mwingi. Bila hatua ile, msimu wa 2022/23 ungekuwa mgumu mno Ufipa, na hakuna hoja ya kinadharia inayoweza kufuta ukweli huo.

Lakini mbolea ni chakula cha msimu mmoja. Udongo wa sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa una tindikali, na kwenye udongo wa namna hiyo sehemu ya fosforasi ya mbolea ya kupandia hufungwa ardhini mmea usiweze kuitumia. Mbolea za naitrojeni kama Urea, zikitumika mwaka baada ya mwaka bila kurekebisha udongo, huongeza tindikali hiyo. Maana yake ni kwamba Serikali inaweza kulipia mifuko mingi zaidi kila mwaka na mkulima akavuna nyongeza ndogo zaidi kila mwaka, huku pande zote mbili zikiamini kilimo kimepewa fedha. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, mboji, mzunguko wa maharage na mahindi, na kupima udongo kabla ya kushauri mbolea. Vitu hivyo havina mvuto wa mfuko mpya unaopakuliwa kwenye lori mbele ya kamera, ila vinaendelea kumfaa mkulima kwa misimu kadhaa baada ya kulipiwa mara moja. Wafipa waliobuni kilimo cha ntumba walielewa hilo zamani, kwamba rutuba hujengwa kabla haijavunwa.

Tugeukie mgawanyo ndani ya fungu, maana ndimo maamuzi halisi yalimo. Kati ya Sh751.1 bilioni za 2022/23, umwagiliaji ulipewa Sh361.5 bilioni kutoka Sh46.5 bilioni za mwaka uliotangulia, karibu nusu ya yote. Utafiti ulipanda kutoka Sh11.6 bilioni hadi Sh40.7 bilioni, na ugani ukapewa takriban Sh15 bilioni, yaani asilimia 2 tu. Umwagiliaji unafaulu mtihani ninaoupendekeza, kwa kuwa bwawa na mfereji hubaki. Katika Rukwa, hata hivyo, nafasi yake kubwa iko bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mpunga. Uwanda wa juu, wanakoishi wakulima wengi wa mahindi na maharage, unanyeshewa kuanzia Novemba hadi Aprili, na mara nyingi tatizo lake la kwanza ni udongo, magonjwa ya mazao na soko kuliko maji. Kwa hiyo mkoa unaweza kuhesabiwa ndani ya ongezeko kubwa la kitaifa huku sehemu kubwa ya watu wake wakiwa nje ya kipengele kilichobeba ongezeko hilo. Anayefaa kuwafikia ni mtafiti na bwana shamba, na hao ndio waliopata makombo. Pikipiki walizogawiwa maofisa ugani mwaka 2022 zilikuwa mwanzo mwema, ila pikipiki isiyo na mafuta wala kipima udongo ni usafiri tu.

Msimu wa 2024 ulituonyesha upande mwingine wa shilingi. Mavuno yalikuwa mazuri, mbolea ilikuwapo, na bei ya mahindi ikashuka vibaya. Wakulima wakawa na magunia yasiyolipa hata gharama za kuyalima. Kilichookoa sehemu ya hali hiyo hakikuwa ruzuku. Kilikuwa uwezo wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua na kuhifadhi, pamoja na makubaliano ya kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi baada ya ukame kuipiga nchi hiyo. Vihenge na maghala mapya ya Sumbawanga ni sehemu ya mradi wa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland uliolenga kupandisha uwezo wa NFRA wa kuhifadhi kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Zege na chuma vile vitakuwapo hata kama mwakani hakuna ruzuku. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, na bei ikaanguka mkoani kote. Zuio lile halikuwa na kasma katika bajeti yoyote, lakini mkulima ndiye aliyelilipia. Bajeti inaweza kutoa kwa mkono mmoja na amri ya mdomo ikanyang'anya kwa mwingine.

Barabara zinaeleza kisa kinachofanana. Njia kuu imebadilika. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zaidi ya 220, iliyogharimiwa na shirika la misaada la Marekani, MCC, chini ya mkataba wa 2008, iliufungua mkoa huu kuliko mradi mwingine wowote wa kizazi hiki. Ya Matai hadi bandari ya Kasanga ikafuata. Tatizo limebaki kwenye matawi, kutoka vijiji vya Kalambo na Nkasi hadi kwenye lami, ambako lori hupandisha nauli au hukataa kabisa kwenda masika. Mwaka 2021 Serikali iliongeza Sh100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, na ilikuwa moja ya hatua bora za kibajeti za muongo huu. Lakini fedha za nyongeza ziligawiwa kwa jimbo, Sh500 milioni kila moja, kisha Sh1 bilioni kila moja. Jimbo la mjini lenye kilomita chache likapata sawa na jimbo la Ufipa lenye mtandao mrefu wa vumbi na tope unaobeba chakula cha miji hiyo hiyo. Usawa wa namna hiyo unawafaa wabunge kuliko unavyozifaa barabara. Mgawanyo wa haki ungehesabu kilomita, mvua na tani zinazopita.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Taifa limelipia megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere, na Rukwa imechangia kodi kama wengine. Lakini kwa miaka mingi mkoa huu umetegemea umeme unaonunuliwa Zambia na mitambo ya mafuta, kwa kuwa gridi ya Taifa haikuufikia. Njia ya kuunganisha Tanzania na Zambia, ile ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma yenye tawi la Sumbawanga, ndiyo itakayogeuza mchango huo kuwa faida. Kiwanda cha kusaga, kukoboa au kukamua alizeti hakiwezi kushindana kwa umeme wa kukatikakatika, na bila kiwanda mkulima ataendelea kuuza ghafi. Ongezeko la kilimo lisilokamilishwa na nguzo za umeme ni nusu ya kazi.

Sasa nije kwenye pingamizi zito zaidi, la wanaotaka elimu na afya kwanza. Rukwa ilikuwa na watu 1,004,539 kwa sensa ya 2012 na 1,540,519 kwa sensa ya 2022, ikikua kwa takriban asilimia 4.3 kwa mwaka wakati wastani wa nchi ni 3.2. Watoto wa mkoa unaokua hivyo wanahitaji madarasa, madawati, chanjo na wakunga. Elimu bila ada iliyoanza 2016 imejaza shule, na hakuna mzazi atakayekubali darasa liahirishwe ili bwana shamba apewe mafuta. Wanaosema hivyo wana hoja. Lakini uzoefu wa karibuni unaonyesha kwamba majengo, Serikali ikiamua, huongezwa haraka. Mkopo wa Sh1.3 trilioni wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 ulijenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi. Kinachochelewa ni watumishi wa kufanya kazi ndani yake. Tangu 2004 ruzuku ya uendeshaji ya afya kwa halmashauri imegawiwa kwa fomula inayotazama idadi ya watu, umaskini, umbali na vifo vya watoto, na ni fomula nzuri. Lakini mishahara, ambayo ndiyo fungu kubwa, hufuata watumishi waliko. Halmashauri yenye walimu na wauguzi wachache hupelekewa mishahara michache, na mtumishi anapohama kwenda mjini anahama na sehemu ya bajeti. Rukwa haihitaji kupokonya elimu ili ipate kilimo. Inahitaji sekta zote zigawanywe kwa mahitaji, na watumishi wapewe nyumba na motisha za kuwafanya wabaki.

Tena sekta hizi si maadui. Kwa utafiti wa afya ya jamii wa 2015/16, asilimia 56 ya watoto wa Rukwa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa 2022 ulikuta karibu asilimia 50, wakati wastani wa Taifa umeshuka hadi 30. Mkoa unaolisha nchi una watoto wengi waliodumaa kuliko mikoa inayonunua chakula chake. Aibu hiyo haitaondolewa na tani nyingine milioni za mahindi. Itaondolewa na maharage yanayobaki nyumbani, mboga, maziwa, maji safi, kliniki inayofanya kazi na mama asiyelazimika kuwa shambani alfajiri hadi jioni akiwa na kichanga. Halmashauri zimeagizwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Ni kiasi kidogo, na hata hicho mara nyingi husubiri mapato ya ndani yapatikane. Hapa kilimo, afya na maji vinapimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni urefu wa mtoto.

Pingamizi la mwisho ni la kisiasa, na ndilo lenye nguvu zaidi mitaani. Mkulima anataka mbolea ya bei nafuu msimu huu, hataki hotuba juu ya chokaa na utafiti. Nani atathubutu kumwambia asubiri? Jibu langu ni kwamba asiambiwe asubiri. Kukata ruzuku tu kungerudia kosa la miaka ya 1990, kumpiga mkulima kabla hajapewa kingine cha kushika. Ninachopendekeza ni uhamishaji wa fedha wa taratibu na wa wazi. Sehemu ya fedha za ruzuku iende kwenye chokaa na vipimo vya udongo kwa maeneo yenye tindikali kama Ufipa, kwa mfumo ule ule wa usajili wa wakulima uliokwisha kujengwa na kwa mawakala wale wale wa pembejeo wa Mazwi, Laela, Matai na Namanyere. Fedha za ugani zipande kutoka asilimia 2 hadi kiwango kinachoonekana kijijini. Nyongeza za barabara za vijijini zigawiwe kwa kilomita na tani. Na kila robo mwaka hazina itangaze, wilaya kwa wilaya, fedha zilizotoka, si zilizotengwa.

Watauliza fedha zitoke wapi. Bwawa la Nyerere limekamilika, na malipo yaliyokuwa yakienda kwa mkandarasi wake hayapo tena katika ukubwa ule. Deni litadai sehemu, reli itadai nyingine, lakini hakuna sheria inayosema kilimo kiwe cha mwisho kwenye foleni hiyo. Kikibaki nyuma, litakuwa limeamuliwa na watu, na watu wanaweza kuulizwa.

Wenye kuuliza ni madiwani wa Rukwa wanapopitisha mipango ya halmashauri zao, na wabunge wa mkoa huu wanapokaa Dodoma kujadili makadirio ya wizara. Wasitosheke na kusikia kwamba fungu la kilimo limepanda. Wamtake Waziri aseme, kwa shilingi zilizotoka mwaka huu, Ufipa imepata udongo gani uliopimwa, kilomita ngapi zinazopitika masika, maofisa ugani wangapi wanaofika shambani na tani ngapi za nafasi ya kuhifadhi. Jibu likiwa ni idadi ya mifuko ya mbolea peke yake, basi fedha hizo nazo zitakwenda na msimu wake, na sisi wananchi tutakuwa tumeziruhusu.